Kurudisha Mchezo Nyumbani: Mwongozo kwa Wazazi na Watu Wazima wa Mombasa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi au mlezi wa Mombasa ambaye mtoto wake huondoka nyumbani alfajiri, hushinda shuleni, huingia chuoni, yaani madrasa, au kwenye masomo ya ziada baada ya adhuhuri, kisha hurejea magharibi akiwa amechoka na mwenye hasira zisizoeleweka. Umeandikwa pia kwa ajili ya mzazi huyo mwenyewe, kwa kuwa mtu mzima aliyesahau kucheza hupata taabu kumwachia mtoto nafasi ya kucheza, na kwa kuwa moyo wa mtu mzima nao una mahitaji yasiyotoshelezwa na usingizi na chakula pekee. Hoja inayoziongoza hatua zote ni moja: mchezo hutuliza na kuimarisha hisia maadamu umebaki kuwa mchezo, ukigeuzwa somo, tuzo au dawa ya kulazimishwa, hupoteza nguvu yake.

Mchezo unaozungumziwa hapa ni shughuli yenye sifa tatu. Mchezaji ameingia kwa hiari yake, anaweza kutoka anapotaka, na anaifanya kwa ajili ya ladha yake mwenyewe wala hatarajii malipo au alama. Mpira wa kichochoroni Majengo ni mchezo. Mazoezi ya mpira ambayo mtoto hupelekwa huku analia ni kazi, ingawa huenda yakawa na faida zake. Kipimo hiki kitatumika mara nyingi hapa chini, na msomaji atafanya vyema kukikumbuka kila anaposhawishika dukani kununua kitu kilichoandikwa kwamba kinakuza akili.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989 na kuridhiwa na Kenya mwaka 1990, unatambua katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza, na tangu mwaka 2024 tarehe 11 Juni huadhimishwa kuwa siku ya kimataifa ya mchezo. Hata hivyo, haki iliyoandikwa haimpi mtoto hata robo saa ikiwa ratiba ya nyumbani haina pengo, na ndiyo maana kazi inaanzia kwenye ratiba.

Hatua ya kwanza: Chunguza wiki moja kabla ya kubadilisha lolote

Chukua daftari dogo na uandike kila jioni, kwa siku saba, mambo manne kuhusu mtoto: alicheza kwa muda gani bila kuelekezwa na mtu, alicheza na nani, mchezo wenyewe ulikuwa upi, na hali yake ilikuwaje kabla na baada. Usimwambie kwamba unamwandika, kwa sababu atabadilika. Ukurasa wa pili uwe wako mwenyewe. Andika iwapo ulicheza chochote, na iwapo mara ya mwisho uliposahau saa ulikuwa ukicheza au ukipekua simu.

Ili uwe na cha kulinganishia, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kila siku, na kwamba kwa watoto wa miaka 3 na 4 dakika 60 kati ya hizo ziwe za nguvu. Kwa walio na miaka 5 hadi 17 pendekezo ni wastani wa dakika 60 za nguvu kwa siku. Kuhusu skrini, mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja, na aliye chini ya umri huo asiketishwe mbele yake kabisa. Hesabu hizi zinahusu mwili zaidi kuliko hisia, lakini kwa mtoto mdogo ni vigumu kuvitenganisha viwili hivi, kwani mtoto anayekimbia ndiye anayecheka, na anayecheka ndiye anayelala bila vita.

Huenda ukagundua kwamba mtoto hakukosa muda kabisa. Muda wake umekatwa vipande vya dakika kumi kumi, baina ya kuvua sare na kuvaa kanzu au buibui, baina ya chakula na kazi ya shule. Vipande hivyo havitoshi. Watoto wanaoigiza hutumia muda mrefu kugawana nafasi, kubishana juu ya sheria na kuandaa vitu kabla mchezo wenyewe haujaanza, na ubishi huo ndio unaowafundisha kusubiri, kukubali na kukataa kwa heshima. Lenga kupata kipindi kimoja kisichokatwa cha dakika 45 hadi saa moja, hata kama ni mara nne tu kwa wiki.

Hatua ya pili: Tenga saa na mahali panapolingana na mji

Saa bora kwa Mombasa ni baina ya alasiri na magharibi, jua linapokuwa limelegea na upepo wa bahari umeanza kuvuma. Siku ambazo chuo hakisomwi ziwe za kwanza kulindwa, na kama mtoto ana masomo ya ziada kila siku ya juma, chagua moja uiondoe. Wazazi wengi huogopa hatua hii kuliko zote. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa ripoti iliyowahimiza madaktari kuandika mchezo kama sehemu ya ushauri wao kwenye kila ziara ya kliniki ya mtoto katika miaka miwili ya mwanzo. Ikiwa daktari aweza kuuandika, mzazi naye aweza kuuingiza kwenye ratiba bila kuona haya.

Katika miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, mchana ni wa michezo ya sakafuni: mdako, karata, vitendawili, kuchora kwa chaki. Wakati wa mvua za masika usiharakishe kuwaingiza watoto ndani, maadamu hakuna radi wala mitaro iliyofurika, kwa kuwa kuruka kwenye madimbwi hakumdhuru mtoto mwenye afya na nguo hukauka.

Kuhusu mahali, walio kisiwani wana uwanja wa Makadara, uwanja wa Tononoka, bustani ya ufukweni ya Mama Ngina iliyofunguliwa upya mwaka 2019, na kwa wakazi wa kaskazini, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi. Ufukweni, uliza kwanza hali ya maji. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia mita 3 hivi, na pale mtoto alipokuwa akichimba mchanga kwa utulivu panaweza kuwa kina kirefu baada ya saa chache. Mtu mzima mmoja awe na jukumu moja tu la kutazama maji, wala asiwe na simu mkononi.

Lakini usiufanye uwanja wa mbali kuwa sharti la mchezo. Ua wa nyumba, ukumbi wa ghorofa, dari lenye ukuta imara na kichochoro kisichopitwa na tuktuk vyafaa zaidi kwa sababu mtoto hufika bila kupelekwa. Zungumza na majirani watatu au wanne, mkubaliane kwamba kila jioni mmoja wenu ataketi barazani akiwa jicho la wote. Mpango huu ndio uliowalea watoto wa Kibokoni na Bondeni kwa miaka mingi, nao haukuwahi kuhitaji fedha. Ulihitaji watu wanaofahamiana, na kufahamiana huko ndiko kumepungua katika majengo mapya ya Kisauni na Bamburi ambamo jirani hubadilika kila mwisho wa mwezi.

Hatua ya tatu: Punguza vifaa

Weka kapu moja lenye vifuu, kamba, makopo yasiyo na kingo kali, vijiti vya chelewa, karatasi za kutengenezea tiara na leso mbili kuukuu. Leso pekee hugeuka hema, kilemba, mbeleko ya mwanasesere, tanga la jahazi na machela ya mgonjwa ndani ya jioni moja. Gari la betri hujiendesha lenyewe na humwacha mtoto akiwa mtazamaji; ukiwa nalo usilitupe, ila usilitegemee.

Hatua ya nne: Keti, tazama, mfuate mtoto

Hapa ndipo watu wazima hukosea zaidi, na kosa lenyewe hutokana na nia njema. Mzazi huketi chini kucheza na mtoto, na kabla ya dakika tano kupita amekwisha kuuliza rangi ya kizibo, kusahihisha hesabu, na kueleza kwamba samaki hawezi kuruka. Mtoto aliyekuwa amejenga kisiwa sasa yumo darasani tena.

Mnamo mwaka 1947 mwanasaikolojia Mmarekani Virginia Axline alieleza kanuni za kumsaidia mtoto kupitia mchezo, nazo hadi leo ni msingi wa kazi ya wataalamu wengi wa fani hiyo: mkubali mtoto kama alivyo, mwachie uongozi, usimharakishe, na weka mipaka michache tu ambayo ni ya lazima. Mzazi si mtaalamu wa tiba, wala hapaswi kujifanya kuwa mmoja, lakini kanuni hizo zinafaa pia sebuleni. Anza na dakika 15 kwa siku. Kaa kwenye kimo cha mtoto, juu ya mkeka, mikono ikiwa mitupu. Ngoja upewe nafasi. Ukiambiwa wewe ni mteja wa mihogo ya kukaanga, nunua mihogo. Ukiambiwa unyamaze, nyamaza.

Unapotaka kusema kitu, taja unachokiona badala ya kuuliza. Chukua mfano wa msichana wa miaka sita aliyewapanga wanasesere wake mstari mmoja na kuwachapa kwa kijiti. Mama aliyeshtuka huuliza, "Nani anakuchapa shuleni?" na mchezo hufa papo hapo. Mama mwenye subira husema, "Mwalimu huyu leo ana hasira nyingi." Mtoto hujibu, "Eeh, huyu hakuandika." Mama huendelea, "Na huyu mwanafunzi, anajisikiaje?" Kutoka hapo mtoto huweza kueleza hofu yake kupitia kinywa cha mwanasesere, jambo ambalo asingeliweza akiulizwa ana kwa ana. Huenda ameyaona kwa mwenzake, huenda ameyasikia tu, na huenda yamemfika. Kama mashaka yapo, uliza baadaye, wakati mwingine, kwa upole, mkiwa mmetoka kwenye mchezo.

Mipaka mitatu yatosha: hatuumizani, hatuharibu vitu vya wenyewe, hatutoki nje ya mahali tulipokubaliana. Itaje mara moja kabla ya kuanza, na anayevunja apewe onyo moja kisha apumzike kidogo, bila hotuba. Mchezo ufungwe kwa tahadhari: waambie wamebakiwa na zamu mbili. Adhana ya magharibi, kwa nyumba za Waislamu, ni kengele bora kuliko sauti ya mzazi, kwa sababu hakuna mtoto anayebishana nayo.

Umri nao uzingatiwe. Mwaka 1932 mtafiti Mildred Parten, aliyewachunguza watoto wa shule ya awali nchini Marekani, alionyesha kwamba watoto hupita kutoka kucheza peke yao na kutazama wenzao, kwenda kucheza sambamba bila kushirikiana, hadi kufikia kushirikiana kikamilifu. Mtoto wa miaka miwili anayecheza mgongo kwa mgongo na binamu yake bila kumpa kifuu chake hana uchoyo. Yuko pale umri wake ulipo. Kumlazimisha agawe huku akilia hakumfundishi ukarimu.

Hatua ya tano: Ruhusu hofu, mieleka na kushindwa

Hisia ngumu hujifunzwa kwa kipimo kidogo, na mchezo ndio mahali pa kipimo hicho. Anayejificha kwenye kibe husikia moyo ukidunda, huzuia pumzi, huogopa kuonekana, kisha huonekana na kucheka. Amepitia hofu tangu mwanzo hadi mwisho na ametoka salama. Mtoto anayeogopa giza husaidika zaidi kwa kibe cha jioni kuliko kwa kuambiwa mara kumi kwamba gizani hamna kitu.

Kuigiza nako hufundisha kujizuia. Katika utafiti uliofanywa Muungano wa Kisovieti miaka ya 1940, watoto wadogo walioambiwa wasimame tuli walishindwa upesi, lakini walipocheza nafasi ya mlinzi wa zamu waliweza kusimama kwa muda mrefu zaidi. Mzazi anayetaka mwanawe asubiri kwenye foleni ya feri ya Likoni bila ghasia atafanikiwa zaidi akimfanya askari wa bandari anayehesabu magari kuliko akimkaripia.

Mieleka huwatia wazazi wasiwasi, na inastahili uangalizi, wala haistahili marufuku. Tofauti baina ya mieleka ya mchezo na ugomvi huonekana wazi kwa anayetazama: katika mchezo nyuso zina tabasamu, wachezaji hubadilishana nafasi ya juu na ya chini, na wakiachana hurudiana. Pale mmoja anapokuwa chini kila mara, au anapoacha kurudi, simamisha. Jaak Panksepp, mwanasayansi mzaliwa wa Estonia aliyefanya kazi Marekani na kufariki mwaka 2017, aligundua kwamba panya wanaocheza au kutekenywa hutoa sauti nyembamba za kiasi cha kilohezi 50, zisizosikika kwa sikio la binadamu, ambazo alizilinganisha na kicheko. Alieleza pia kwamba panya mkubwa asipomwachia mdogo ashinde mara kwa mara, mdogo huacha kumwalika kucheza. Kaka mkubwa wa nyumba yako huenda asipendezwe kufananishwa na panya, lakini kanuni hiyo inamhusu.

Na kushindwa? Usimwachie mtoto ushindi kila siku, kwa kuwa atatambua na ataona amedharauliwa. Mpe nafuu iliyo wazi: katika drafti ondoa kete zako tatu kabla ya kuanza na useme kwa nini. Anapolia baada ya kushindwa, usimwambie "ni mchezo tu", kwani kwake si mchezo tu. Sema "imekuuma, ulikuwa karibu," kisha mwachie muda aamue kama atarudi.

Vitendawili vina utaratibu mzuri kuliko michezo mingi katika jambo hili. "Kitendawili!" "Tega!" Anayeshindwa kufumbua hutoa mji, na aliyetega huupokea, hujidai kuwa ameuzuru, hueleza kwa madaha yaliyomkuta huko, ndipo hufumbua. Mtoto wa miaka saba anayempa nyanya yake mji wa Malindi, akamsikiliza akijitapa kwa ugeni aliofanyiwa, hujifunza kwamba aliyeshindwa hupoteza kitu, hubaki mchezoni, na zamu yake yaja. Kwa nyumba ambayo umeme hukatika mara kwa mara, huu ni mchezo usiohitaji hata taa.

Hatua ya sita: Tafuta mchezo wako wewe mtu mzima

Hapa wasomaji wengi watataka kuruka. Mtu mwenye kodi ya nyumba, ada ya shule na mzigo uliokwama bandarini huona mchezo kuwa jambo la waliokosa kazi. Lakini mwangalie mzee anayecheza bao jioni katika Mji wa Kale. Mbele yake mna mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ameanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na mpaka azimalize kunamua (kuziingiza ubaoni zile za mkononi) na kuingia mtaji (kucheza kwa kete za ubaoni pekee), hana nafasi ya kufikiria deni. Anahesabu, anatabiri, anatishia nyumba ya mwenzake, anataniwa na watazamaji na anawajibu. Kwa muda huo akili imeshikwa kikamilifu na jambo lisilo na madhara, na mahusiano yamepashwa moto bila mtu kuulizwa "una nini siku hizi?" Wanaume wengi wa mwambao hawatakaa wakaelezana huzuni zao, watakaa wakacheza, na katikati ya kete neno litapita.

Fanya hivi. Kwanza, kumbuka ulichokipenda ulipokuwa na miaka minane hadi kumi na miwili, kabla hujaanza kujali ulivyoonekana: kuogelea, kuimba, kurusha tiara, kuchora, kudaka, kuigiza watu. Pili, chagua kimoja na ukipe nusu saa mara mbili kwa wiki, kwa siku na saa maalumu, kwa sababu mchezo unaongojea nafasi ya bure haupati. Tatu, iache simu. Nne, usitangaze wala usipige picha. Mtu akijua anatazamwa hurudi kujipima. Tano, baada ya mwezi jiulize kama unaingoja siku hiyo. Kama huingoji, badilisha mchezo bila kujilaumu.

Kuna vitu viwili vinavyojifanya mchezo navyo si mchezo. Kubashiri matokeo ya mpira kwa simu kuna furaha ya mwanzo, lakini kunakosa ile sifa ya pili tuliyoitaja, ya kuweza kutoka unapotaka. Aliyepoteza hubaki ili arudishe alichopoteza. Na baraza ambayo kitovu chake ni muguka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha, ni mkutano wa muguka, hata kama dhumna iko mezani. Ukitaka kujua, iondoe muguka uone nani atabaki akicheza.

Jambo linalostahili kusemwa waziwazi ni kwamba mji huu umewapa wanaume baraza, na wanawake umewapa harusi. Baraza ipo kila jioni na haina gharama. Harusi ni ya mara moja moja, ina sare za kushona na michango ya kulipa, na anayekwenda kucheza chakacha au vugo mara nyingi ndiye pia anayesimamia masufuria. Bibi zetu walikuwa na zaidi ya hayo: katika karne ya 20 vyama vya ngoma ya lelemama vya Mombasa viliwakutanisha wanawake kwa mazoezi, ushindani na kejeli za kuimbana, mbali na majukumu ya nyumbani. Mwanamke wa leo anayetaka kucheza hana budi kujitengenezea mahali. Njia iliyo rahisi ni kuutumia mkutano uliokwisha kuwapo. Kama chama chenu hukutana kila mwezi kwa ajili ya fedha, maliza hesabu kwanza, kisha tengeni saa moja ambayo hakuna kupika, hakuna kuuza vitambaa, hakuna watoto wa kubebwa. Ni karata, kuruka kamba, ngoma, mdako, au kwenda ufukweni asubuhi mapema kuogelea pamoja. Mume mwenye baraza yake aombwe kwa adabu akae na watoto saa hiyo, naye akikumbushwa jioni zake ngapi hutumia nje atakuwa na machache ya kupinga.

Hatua ya saba: Chezeni pamoja mara moja kwa wiki

Chagua jioni moja, Ijumaa au Jumapili. Kila wiki mtu mmoja wa nyumba achague mchezo na awafundishe wengine, hata kama ni mtoto wa miaka mitano na sheria zake zabadilika kila dakika. Mtoto hupata nafuu kubwa anapomwona babake hajui kitu na anajaribu mbele ya watu. Ami na shangazi wakitembelea, waingizwe mchezoni kabla ya chai.

Hatua ya nane: Jua pale mchezo usipotosha

Mchezo hulinda, hauponyi kila ugonjwa. Kwa mtoto, mtafutie msaada ikiwa ameacha kucheza kabisa kwa wiki kadhaa, ikiwa amerudi nyuma kwenye mambo aliyokwisha kuyaweza kama vile kukojoa kitandani, au ikiwa anarudia mandhari moja ya kutisha tena na tena, kwa sura ile ile, bila furaha na bila kupata nafuu. Daktari wa akili Lenore Terr aliitambua hali hii ya mwisho kwa baadhi ya watoto 26 waliotekwa nyara wakiwa kwenye basi la shule huko Chowchilla, Marekani, mwaka 1976. Mchezo wa kawaida wa kuigiza jambo baya hubadilika siku baada ya siku: mgonjwa hupona, mwizi hushikwa, mtoto aliyepotea huonekana. Mchezo wa mtoto aliyejeruhiwa kisaikolojia haufiki mwisho. Michezo yenye matendo ya kimapenzi yasiyolingana na umri nayo isichukuliwe kuwa utundu. Mtoto asipigwe wala asihojiwe kwa ukali, aambiwe kwamba hana kosa, na msaada utafutwe siku hiyo hiyo.

Kwa mtu mzima, dalili ya kuzingatia ni kupoteza ladha ya karibu kila alichokipenda kwa wiki mbili au zaidi, hasa ikiambatana na kukosa usingizi, kujiona hafai au kutamani kufa. Huyo asiambiwe "njoo ucheze, utasahau." Anahitaji kuonana na mhudumu wa afya.

Nambari ya simu ya kusaidia watoto nchini Kenya ni 116, na kupiga ni bure. Mzazi, jirani, mwalimu au mtoto mwenyewe aweza kuipiga. Katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, au katika hospitali ya Coast General, omba kupewa rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Eleza ulichokiona kwa macho yako, tarehe kilipoanza na mara ngapi hutokea kwa wiki, na uyaache maelezo ya sababu mpaka uulizwe. Wakati mnangojea siku ya miadi, endelea kutenga ile saa ya alasiri kama kawaida, kapu liwe mahali pake, nawe ukae karibu. Mtoto akitaka kukaa tu mapajani pako bila kucheza, mwache akae.